Upana wa Chuma na Uwezo wa Trekta: Jinsi ya Kuchagua Sanduku la Kusawazishia Ardhi

Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya ushirika na wamiliki wa matrekta madogo



Tumekuja kuzungumza juu ya zana moja tu, na juu ya swali moja tu linaloihusu zana hiyo: ukubwa wake. Tumeuchagua ufinyu huu wa makusudi. Mnunuzi wa trekta hujiandaa kwa miezi mingi, huuliza, hulinganisha, na hukopa kwa hesabu. Lakini akifika kwenye zana za kufungwa nyuma ya trekta hilo, mara nyingi huamua kwa dakika chache, akiwa amesimama uani kwa muuzaji, kwa kuangalia ni ipi iliyo pana zaidi kwa fedha aliyobakiwa nayo. Hapo ndipo hasara huingia.

Zana tunayoizungumzia ni sanduku la kusawazishia ardhi. Wauzaji hulipa majina mbalimbali, basi majina yasiwasumbue. Litambueni kwa umbo lake. Ni sanduku la chuma lisilo na sakafu wala kifuniko, na upande wake wa mbele uko wazi. Lina ukuta wa nyuma na kuta mbili za ubavuni. Chini ya ukuta wa nyuma kuna visu viwili vya chuma kigumu: kimoja hukata trekta linapokwenda mbele, na cha pili hukata na kusukuma trekta linaporudi nyuma. Juu yake hupita boriti yenye meno yanayoweza kushushwa na kupandishwa, ambayo kazi yake ni kuchimbua udongo mgumu kabla visu havijaukwangua. Sanduku hili halizungushwi na injini kwa shafti. Hufungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta, huinuliwa na kushushwa kwa haidroliki, na hufanya kazi kwa kuburutwa.

Faida zake si haba. Mwenye trekta dogo akishamaliza msimu wa kulima, anaweza kulitumia sanduku hili kutengeneza njia ya shambani iliyochimbwa na maji ya masika, kusambaza moramu, kusawazisha uwanja wa kuanikia mazao, kutayarisha mahali pa kujenga banda, au kupunguza miinuko katika jaruba likiwa kavu. Kazi hizo hulipwa. Ndiyo maana wengi hulitamani, na ndiyo maana tunataka kila atakayelinunua apate lile linalolifaa trekta lake.

Jambo ambalo tungependa mwondoke nalo ni hili: ukubwa wa sanduku haupimwi kwa upana peke yake. Ukubwa unaofaa ni mapatano kati ya vitu vitatu, yaani trekta, udongo na kazi. Kimoja kikisahauliwa, viwili vilivyobaki haviwezi kukifidia.

Kipimo cha kwanza: magurudumu ya nyuma

Kabla ya kwenda kwa muuzaji, chukueni futi kamba mpime upana wa trekta kwa nyuma, kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto hadi ukingo wa nje wa tairi la kulia. Andikeni kipimo hicho kwa sentimita. Hicho ndicho kipimo cha chini kabisa cha upana wa sanduku.

Sababu yake ni rahisi. Sanduku hufuata nyuma ya magurudumu. Likiwa jembamba kuliko nafasi ya magurudumu, kila mkondo utaacha alama mbili za tairi ambazo visu havikuzifikia, na kazi ya kusawazisha haitakwisha. Vilevile halitaweza kufika karibu na ukuta, ua au ukingo wa mfereji, kwa kuwa tairi litagusa kabla ya kisu. Sanduku linalozidi magurudumu kwa sentimita 3 hadi 10 kila upande hufuta alama zote, na dereva bado anaweza kukadiria mwisho wake bila kugeuka nyuma kila mara.

Muulizeni muuzaji upana anaoutaja ni upi. Wengine hutaja futi, wengine sentimita. Futi moja ni sentimita 30 na nusu hivi. Kwa hiyo sanduku la futi 4 ni la sentimita 122, la futi 5 ni la sentimita 152, na la futi 6 ni la sentimita 183. Wengine hutaja upana wa nje pamoja na kuta za ubavuni, na wengine hutaja urefu wa kisu tu. Tofauti ya sentimita chache inaweza kuwa ndiyo ile mliyoihitaji ili kufuta alama ya tairi. Pimeni wenyewe.

Kipimo cha pili: nguvu, na uzito ulio juu ya magurudumu

Mazoea ya wauzaji na watumiaji wa zana hii yametupatia kanuni ya kuanzia. Trekta lenye nguvu farasi kati ya 15 na 25 hufaa sanduku la futi 4. Lenye nguvu farasi kati ya 25 na 35 hufaa la futi 5. Lenye nguvu farasi kati ya 35 na 50 hufaa la futi 6. Tunasema ni kanuni ya kuanzia kwa sababu trekta haliburuti kwa injini peke yake. Huburuta kwa uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa, na kwa jinsi tairi zinavyoshika ardhi. Injini yenye nguvu iliyowekwa katika trekta jepesi itazungusha tairi palepale, itachimba mashimo mawili, na sanduku litabaki limesimama na mzigo wake. Trekta linaloendeshwa kwa magurudumu manne huburuta vizuri zaidi kuliko lenye nguvu ileile linaloendeshwa kwa mawili ya nyuma tu.

Hata nguvu farasi yenyewe yahitaji kuulizwa. Namba iliyobandikwa kwenye ubavu wa trekta yaweza kuwa jina la aina yake tu. Karatasi zikitaja kilowati, zidisheni kwa 1.34 mpate makadirio ya nguvu farasi. Na anayenunua trekta lililokwisha kutumika ng'ambo akumbuke kwamba injini iliyochoka haiwezi kutoa nguvu iliyoandikwa kwenye kibati chake lilipotoka kiwandani.

Sasa tufanye hesabu, ili tuone upana unabeba nini. Tuchukue sanduku lenye kimo cha sentimita 45 na kina cha sentimita 60 kutoka mbele hadi nyuma. Likiwa na upana wa mita 1.5, ujazo wake ni mita za ujazo 0.4 hivi. Udongo uliolegea na kukauka una uzito wa takribani kilo 1,300 kwa mita moja ya ujazo. Likijaa nusu tu, sanduku hilo linaburuta kilo 260 za udongo. Likijaa pomoni, zaidi ya kilo 520. Sanduku la umbo lilelile lenye upana wa mita 1.8 litaburuta kilo 315 likijaa nusu, na zaidi ya kilo 630 likijaa. Hapo hatujahesabu uzito wa chuma chenyewe, wala ukinzani wa udongo unaokatwa, ambao ndio mkubwa kuliko yote ardhi inapokuwa ngumu. Futi moja ya ziada, basi, ni mzigo ambao trekta litaubeba katika kila mkondo, kila siku ya kazi.

Wapo watakaosema kuwa sanduku pana humaliza kazi mapema. Tuipime hoja hiyo pia kwa haki. Uwanja wenye upana wa mita 6 unahitaji mikondo 5 kwa sanduku la mita 1.5, tukiacha sentimita 10 za kupishana kati ya mkondo na mkondo. Kwa sanduku la mita 1.8 unahitaji mikondo 4. Faida ni mkondo mmoja. Lakini faida hiyo ipo tu iwapo trekta litakata kwa kina kilekile na kwa mwendo uleule. Likilemewa, dereva atalazimika kuliinua sanduku ili likate nusu ya kina, kisha arudie uwanja wote mara ya pili. Mikondo 4 imekuwa 8, na mafuta yametumika maradufu. Sanduku dogo linaloburutwa vizuri huwahi kumaliza kuliko kubwa linalokwamakwama.

Kipimo cha tatu: uzito wa sanduku lenyewe

Mnunuzi wengi wao huuliza upana na bei, na wachache mno huuliza uzito. Ilhali uzito ndio unaokifanya kisu kizame ardhini. Gawanyeni uzito wa sanduku kwa upana wake. Sanduku la mita 1.5 lenye kilo 225 linakandamiza ardhi kwa kilo 150 kwa kila mita ya kisu. Sanduku la mita 1.8 lenye kilo hizohizo 225 linakandamiza kwa kilo 125 tu kwa kila mita. Hilo la pili ni pana zaidi, na huenda likauzwa kwa bei ileile au pungufu, lakini limepanuliwa kwa kukondesha chuma. Kwenye ardhi ngumu litateleza juu juu kama pasi juu ya nguo.

Uzito nao una mpaka, na mpaka huo ni uwezo wa haidroliki kuinua. Hapa pana mtego mmoja. Uwezo wa kuinua hupimwa mahali pawili: kwenye ncha za mikono ya chini, au sentimita 61 nyuma ya ncha hizo. Namba ya kwanza huwa kubwa kuliko ya pili, na ndiyo ipendezayo katika matangazo. Ya pili ndiyo iliyo karibu na hali halisi, kwa kuwa uzito wa zana hukaa nyuma ya mikono na si kwenye ncha zake. Ombeni namba ya pili. Kisha kumbukeni kwamba kuna wakati sanduku huinuliwa likiwa na udongo ndani yake, kwa hiyo pasiwe na ulingano wa karibu mno kati ya uzito wa sanduku na uwezo wa kuinua.

Kipimo cha nne: pini

Mfumo wa mikono mitatu ulisajiliwa kwa hataza na Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, mwaka 1926. Kabla yake, plau zilikokotwa kwa mnyororo au kwa kiungio cha nyuma, na plau ilipogonga kisiki au jiwe, trekta liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Mikono mitatu ilipunguza hatari hiyo na kuifanya zana na trekta viwe kama mwili mmoja. Leo vipimo vya mikono hiyo vimewekwa katika kiwango cha kimataifa, ISO 730, na hugawanywa kwa madaraja.

Matrekta madogo sana huwa ya daraja la 0, ambapo pini zote zina unene wa milimita 16. Mengi ya matrekta madogo ni ya daraja la 1: pini za mikono ya chini ni milimita 22, na ya mkono wa juu ni milimita 19. Matrekta makubwa zaidi ni ya daraja la 2: pini za chini ni milimita 28, na ya juu ni milimita 25. Nafasi kati ya mikono ya chini nayo hutofautiana. Pini ya milimita 22 ikiingizwa katika tundu la milimita 28 bila bushi, sanduku litacheza, tundu litalika, na siku moja pini itakatika. Bushi si ghali. Kinachogharimu ni kutoiulizia.

Tunalisema hili pia kwa wanaopendelea kuchongewa sanduku na fundi wa kuchomelea hapa hapa nyumbani. Hatuna pingamizi, fundi mzuri anaweza kutengeneza sanduku lenye nguvu kuliko la dukani, na yupo karibu siku litakapovunjika. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ila mpelekeeni vipimo vya pini na vya nafasi ya mikono kwa maandishi, na mwelewane juu ya unene wa bati, aina ya chuma cha visu, na namna visu vitakavyofungwa. Visu vifungwe kwa bolti, visichomelewe moja kwa moja, ili viweze kugeuzwa upande wa pili vikilika, na kubadilishwa vikiisha.

Udongo ndio mwamuzi wa mwisho

Nchi yetu ina somo kubwa juu ya kununua mashine bila kuuliza udongo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, na Kongwa ikawa kitovu chake cha mwanzo. Mashine zilikuja kwa wingi. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini mizizi ya vichaka ilivunja zana, na udongo wa pale, ulipokauka baada ya mvua, ulikuwa mgumu na wenye kusaga makali ya vyuma. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, na takribani pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Serikali iliweza kuifuta hasara hiyo vitabuni. Kaya yenye mkopo wa ushirika haina kitabu cha namna hiyo.

Kwa hiyo jiulizeni: sanduku hili litafanya kazi kwenye udongo gani, na katika majira gani? Kwenye kichanga na udongo uliokwisha kulegezwa, trekta laweza kuburuta upana wa juu wa daraja lake bila taabu. Kwenye udongo mwekundu uliokauka, au njia ya moramu iliyoshindiliwa na magari, ni busara kuchagua upana wa chini na uzito wa juu, na kuhakikisha meno yapo na yanashuka kwa kina mnachokitaka. Kwenye mbuga ya udongo mweusi wa mfinyanzi, jambo kuu ni wakati: ukiwa mbichi hunata ndani ya sanduku na hauachii, ukiwa mkavu kabisa huwa kama tofali. Hakuna upana unaoweza kushinda wakati mbaya.

Kuhusu meno, idadi yake huongezeka kwa upana. Sanduku la futi 4 au 5 kwa kawaida huwa na meno manne au matano, na la futi 6 huwa na matano au sita. Kila jino linaloshushwa katika ardhi ngumu ni mzigo mwingine. Trekta dogo likishindwa kuburuta meno yote, pandisheni baadhi, mchimbue kwanza, kisha mrudi kukwangua. Kagueni kama kila jino linaweza kurekebishwa peke yake kwa pini, na kama ncha zake hubadilishwa zikiisha.

Mfano wa kupima vyote pamoja

Tuchukue mfano wa kubuni. Mnunuzi ana trekta la nguvu farasi 28, linaloendeshwa kwa magurudumu manne, lenye uzito wa kilo 1,150. Upana wa nje wa tairi za nyuma ni sentimita 142. Uwezo wa kuinua, kwa kipimo cha sentimita 61 nyuma ya mikono, ni kilo 650. Kazi yake ni njia za shambani zenye udongo mwekundu. Muuzaji anamwonyesha masanduku mawili: la mita 1.8 lenye kilo 270, na la mita 1.5 lenye kilo 220.

Haidroliki inaweza kuyainua yote mawili. Ukandamizaji wake karibu ni sawa, kilo 150 kwa mita kwa la kwanza na takribani 147 kwa la pili. Kama angeishia hapo, angelichukua pana. Lakini la mita 1.8 linazidi tairi kwa sentimita 19 kila upande, upana asiouhitaji. Na likijaa, udongo pamoja na chuma utakaribia kilo 900, mzigo mkubwa kwa trekta la kilo 1,150. La mita 1.5 linazidi tairi kwa sentimita 4 kila upande, nalo laangukia ndani ya kanuni ya nguvu farasi. Kwa udongo huo na kazi hiyo, anunue la mita 1.5.

Yupo mwingine ambaye vipimo vyake vitagongana. Trekta lake lina nguvu farasi 25, lakini amepanua magurudumu ya nyuma hadi sentimita 165 ili yapite kati ya matuta. Nguvu inasema futi 5. Magurudumu yanasema futi 6. Huyo asikimbilie futi 6. Aangalie kwanza kama rimu zake zaweza kugeuzwa ili kupunguza upana wakati wa kazi ya kusawazisha, mradi ardhi yake ni tambarare, kwa maana trekta lililobanwa upana hupinduka upesi kwenye mteremko. Kama ana mteremko, ni salama zaidi kubaki na magurudumu mapana na sanduku la futi 5, akaridhika kufuta alama za tairi kwa mkondo wa ziada unaopishana.

Na yupo ambaye jibu lake ni kutonunua. Mwenye kazi ya siku sita au saba kwa mwaka afanye hesabu ya kukodi, au wanachama watano wenye matrekta ya daraja moja wanunue sanduku moja kwa pamoja. Sanduku lililolala chini ya mwembe kwa miezi kumi na moja linalipiwa riba sawa na lile linalofanya kazi.

Usalama usiouzwa

Tunaomba mtusikilize kwa makini hapa. Sanduku linaposhindwa kuzama, pana desturi ya kumpandisha kijana juu yake ili aongeze uzito. Desturi hiyo ikomeshwe. Anayeanguka mbele ya sanduku huanguka mbele ya kisu, na dereva hatamwona. Kama uzito hautoshi, tumieni meno, au fungeni mawe au vyuma kwa mnyororo imara mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo.

Sanduku zito likiinuliwa, magurudumu ya mbele hupoteza uzito na usukani huwa mwepesi. Wekeni vyuma vya uzito mbele, endeni polepole, na mlibebe sanduku karibu na ardhi. Trekta lenye fremu ya kumkinga dereva likipinduka litumiwe na mkanda wake umefungwa. Zana ishushwe chini kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono au mguu chini yake, hata kama injini imezimwa, kwa sababu haidroliki inaweza kuachia.

Sheria inasimama wapi

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi kinga ambayo wengi hawaijui. Mnunuzi anapomjulisha muuzaji kazi anayoikusudia, kwa namna inayoonyesha kuwa anautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, na bidhaa ikiwa ni ya aina ambayo muuzaji huuza katika biashara yake, huwapo sharti kwamba bidhaa iifae kazi hiyo. Lakini kinga hii inaweza kupotea pale mnunuzi anapoitisha bidhaa kwa jina lake la kibiashara bila kutaja kazi. Tazameni tofauti. Anayesema, "Nipe lile pana la kampuni fulani," amejibebea uamuzi mwenyewe. Anayesema, "Nina trekta hili, la nguvu hii, nataka kutengeneza njia za udongo huu, nishauri sanduku gani," amemshirikisha muuzaji katika wajibu. Sentensi ya pili ndiyo mnayopaswa kuisema, na iandikwe.

Aidha, Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya sifa, ubora au matumizi ya bidhaa. Uzito uliotiwa chumvi na uwezo usiokuwepo ni mambo ya kulalamikiwa. Lakini lalamiko lisilo na karatasi husimama kwa mguu mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, pateni karatasi yenye mambo haya: upana wa kisu, uzito wa sanduku, idadi ya meno, daraja la pini, aina ya trekta na kazi mliyomweleza muuzaji, muda wa dhamana na mambo yanayohusika nayo, pamoja na bei ya visu na ncha za meno za akiba na mahali zinapopatikana. Ombeni sanduku lifungwe kwenye trekta lenu, liinuliwe, lishushwe, na liburutwe hata hatua hamsini kabla ya kulipokea. Kagueni maungio ya kuchomelea. Kasoro inayoonekana kwa macho ni vigumu kuidai baada ya kukubali. Dai risiti ya mashine kila mmoja wenu, na itunzeni pamoja na karatasi ile. Mwenye shaka juu ya ubora wa zana anaweza pia kuomba ushauri wa Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichoko Arusha, ambacho hushughulika na utafiti na majaribio ya zana za kilimo.

Muuzaji mwaminifu hatakasirishwa na maswali haya. Yanamkinga naye dhidi ya mteja atakayerudi na lawama baada ya mwezi mmoja. Muuzaji anayekataa kuandika uzito wa chuma anachokiuza amekwisha kuwapa jibu; mfanye shukrani, mwende kwa mwingine.

Tumemaliza. Walio na matrekta yao karibu tunawaomba, wakitoka hapa, wapime tairi za nyuma kutoka nje hadi nje, wasome kibati cha injini, na waandike namba hizo mbili mahali watakapoziona. Ndizo za kumtajia muuzaji kabla yeye hajawatajia bei.